El Niño au Dipoli ya Bahari ya Hindi: Ipi Tuitazame Kabla ya Vuli ya Tanga?

Mwaka 2015 shemeji yangu, ambaye ana mashamba ya chumvi nyuma ya mikoko upande wa Mkinga, alisikia redioni kwamba El Niño kubwa inakuja, akaamua kuvuna mapema. Aliwaita vibarua katikati ya Septemba, akakusanya chumvi ambayo ilikuwa bado nyembamba, akaifunika kwa makuti na maturubai, kisha akayaacha mabwawa wazi kungojea gharika. Mvua za vuli zilikuja kwa wakati wake, zikanyesha kama vuli nyingine nyingi, na wiki kadhaa za jua kali ambazo zingemgandishia chumvi zikapita bure. Miaka minne baadaye, yaani 2019, alinipigia simu akaniuliza, "Shemeji, safari hii elinino wameitangaza?" Nikamjibu, kwa kujiamini kuliko nilivyostahili, kwamba Bahari ya Pasifiki imetulia na hakuna El Niño ya kuogopa. Akaendelea kujaza mabwawa. Mwishoni mwa Oktoba mvua ilipiga usiku kucha, na alfajiri tulipofika shambani, yale mabwawa ambayo jana yake yalikuwa na ukoko mweupe unaovunjika chini ya unyayo kama ganda la yai yalikuwa maji matupu ya rangi ya chai ya maziwa. Shemeji alichovya kidole, akakilamba, akasema chumvi inasikika kwa mbali tu.

Kosa la 2015 lilikuwa lake, la 2019 lilikuwa langu, na yote mawili yana asili moja: tulitazama bahari ya mbali tukaisahau iliyo mlangoni petu. Mitaani hapa Tanga mvua yoyote kubwa siku hizi huitwa "elinino", hata ile iliyonyesha katika mwaka ambao El Niño haikuwapo, na mazoea hayo ya kusema yamezaa mazoea ya kufikiri. Kwa hiyo nalinganisha hapa mizunguko miwili ya bahari inayogusa zaidi mvua zetu za Oktoba hadi Desemba, yaani El Niño ya Bahari ya Pasifiki na dipoli ya Bahari ya Hindi (tofauti ya joto la maji kati ya magharibi na mashariki ya bahari hiyo), ili mwenye shamba, mwenye ujenzi au mwenye mwani aamue ni ipi aifuatilie, katika miezi ipi, na kwa jambo gani.

Namna kila moja inavyofanya kazi

El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya uso wa bahari katikati na mashariki ya Pasifiki, kwenye ukanda wa ikweta. Wavuvi wa Peru ndio walioipa jina hilo, wakimaanisha Mtoto Yesu, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliwafikia karibu na Krismasi. Wataalamu wa leo hupima eneo lililo kati ya nyuzi 170 na 120 za longitudo ya magharibi. Joto la hapo likizidi wastani kwa nusu nyuzi ya Selsiasi au zaidi kwa miezi kadhaa mfululizo, husemwa kwamba El Niño ipo, na likishuka chini ya wastani kwa kiasi hicho hicho, ni La Niña. Hali hizi hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7 bila ratiba ya kutegemewa, na kilele chake kwa kawaida huwa karibu na Desemba. Aliyefungua mlango wa maarifa haya ni Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza aliyeongoza huduma ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904, ambaye katika kutafuta njia ya kubashiri mvua za monsuni aligundua kwamba kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikipanda upande mmoja wa Pasifiki hushuka upande wa pili, mithili ya pembea. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes alionyesha kwamba pembea hiyo ya hewani na joto la baharini ni jambo moja lenye sura mbili.

Dipoli ya Bahari ya Hindi ni ngeni zaidi kwa jina, ingawa si ngeni kwa kazi. Ilielezwa rasmi mwaka 1999 na watafiti wakiwamo Saji na Yamagata. Kipimo chake ni tofauti kati ya joto la maji ya magharibi, katika eneo linaloanzia takriban nyuzi 50 hadi 70 za longitudo ya mashariki, na joto la maji yaliyo jirani na Sumatra. Katika vuli ya kawaida, upepo wa kwenye ikweta ya Bahari ya Hindi huvuma kutoka upande wetu kuelekea Indonesia, ukisukuma maji ya moto yarundikane huko. Hewa yenye unyevu hupanda juu ya visiwa hivyo, kisha hushuka juu ya Afrika Mashariki, nayo hewa inayoshuka haileti mvua. Dipoli ikiwa chanya, mambo hugeuka: upepo unavuma kutoka mashariki, maji baridi yanapanda kutoka kilindini karibu na Sumatra, na maji ya moto yanabaki upande wetu yakifuka mvuke. Ikiwa hasi, hali ya kawaida huzidi kuwa kali, mvua ikahamia kwa Waindonesia na sisi tukabaki kutazama mawingu membamba yakipita juu ya Usambara. Kilele cha dipoli huwa Septemba hadi Novemba, na kufikia Desemba, kaskazi inaposhika, kwa kawaida hukatika upesi.

Ukiziweka bega kwa bega, tofauti kubwa ni ya umbali na wakati. El Niño iko mbali, ni kubwa, hukua polepole na huonekana mapema. Dipoli iko karibu, ni ndogo, hukua haraka na hufa haraka, lakini miezi yake ya nguvu ndiyo miezi yetu ya vuli. Tena haziko mbalimbali kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya athari ya El Niño kwa mvua zetu hupitia Bahari ya Hindi yenyewe: inayumbisha mzunguko wa hewa wa ikweta na mara nyingi huisukuma dipoli iwe chanya. El Niño hutuma salamu. Dipoli ndiyo inayobisha hodi.

Ushahidi wa miaka

Miaka inayofundisha zaidi ni ile ambayo moja ilikuwapo na nyingine haikuwapo. Mwaka 1961 Pasifiki haikuwa na El Niño ya kutajika, lakini dipoli ilikuwa chanya na yenye nguvu. Mvua za vuli za mwaka huo ndizo zilizoanzisha kupanda kwa Ziwa Victoria ambako hadi 1964 kulizidi meta 2, na wazee waliokuwa vijana wakati wa Uhuru wanaikumbuka Desemba ile kwa matope na bendera pamoja. Mwaka 2006 El Niño ilikuwa dhaifu, dipoli ilikuwa na nguvu, na Afrika Mashariki ilifurika. Halafu ukaja mwaka 2019, ule uliomwagia shemeji yangu maji katika chumvi: Pasifiki ilikuwa karibu na wastani, lakini fahirisi ya dipoli ilipanda karibu nyuzi 2, kiwango cha juu mno kwa kipimo hicho, na mvua za Oktoba ziliharibu barabara na madaraja mkoani Tanga. Dipoli hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuikausha Australia ikawaka moto, huku kwetu unyevu ukiwaandalia nzige malisho katika Pembe ya Afrika.

Upande wa pili uko mwaka 2015. El Niño yake ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa tangu vipimo vianze, joto likizidi wastani kwa zaidi ya nyuzi 2, ilhali dipoli ilikuwa ya kiasi tu. Gharika iliyotarajiwa Afrika Mashariki kwa mfano wa 1997 haikutokea kwa ukubwa ule. Na hapo ndipo 1997 inapoeleweka: mwaka ule El Niño na dipoli zilikuwa na nguvu kwa pamoja, ndiyo maana mvua zake zimebaki kuwa kipimo ambacho kila mtu mzima hapa anakitumia kulinganishia mvua nyingine. Mwaka 2023 zilikutana tena. Vuli ilikuwa nzito, na tarehe 3 Desemba tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh, mkoani Manyara.

Kwa ukame, mizani inasoma vilevile. Miaka ya dipoli hasi kama 2010, 2016 na 2022 ilikuwa miaka ya vuli mbovu katika Afrika Mashariki, na katika yote mitatu La Niña ilikuwapo pia, ingawa ile ya 2016 ilikuwa dhaifu wakati dipoli yake hasi ilikuwa kali. Mimi nasoma jambo moja katika orodha hii: ukilazimishwa kuchagua namba moja tu ya kukadiria ukubwa wa vuli ya Tanga, chagua ya Bahari ya Hindi.

Hata hivyo namba hiyo ina mtego. Kwa kuwa ni tofauti ya joto la pande mbili, inaweza kupanda kwa sababu maji ya Sumatra yamepoa sana, wakati maji ya upande wetu hayajapata joto la ajabu. Kwa hiyo usiishie kwenye namba. Tazama ramani ya joto la bahari uone kama upande wa magharibi, kuanzia pwani ya Somalia kushuka hadi kwetu, umeiva kweli.

Ipi hutangulia kutoa taarifa

Hapa El Niño inashinda bila ubishi. Ikishaanza kujengeka Mei au Juni, mara nyingi huendelea hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo mtu anayefuatilia taarifa za kila mwezi za Marekani, zinazotolewa na NOAA, taasisi ya nchi hiyo ya bahari na anga, huwa na miezi mitatu au minne ya kujiandaa kabla ya tone la kwanza la vuli. Ubashiri uliotolewa kabla ya hapo, Februari au Machi, ni wa kuusoma kwa tahadhari, kwa kuwa miezi ya Machi hadi Mei ndiyo Pasifiki inapobadilika kwa urahisi na mifumo ya kompyuta inapokosea zaidi. Dipoli haitoi nafasi hiyo. Inaweza kuonyesha dalili Juni, ikafifia Agosti, au ikajengeka ghafla katika wiki chache. Taarifa yake ya kuaminika ni ya Agosti na Septemba, na idara ya hali ya hewa ya Australia huitangaza mara kwa mara kwa sababu nao inawahusu kwa kinyume chetu.

Kwa msomaji asiye na muda wa kusoma ramani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, ikiwa imekwisha kupima bahari zote mbili pamoja na mambo mengine. Tangazo hilo husema kama mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani kwa kila kanda. Wengi wetu hulisoma kama hukumu, ilhali ni uwezekano uliopimwa: "juu ya wastani" maana yake ni kwamba upande huo una nafasi kubwa zaidi, si kwamba mvua imekwisha kuahidiwa.

Theluji, kwa wenye ndugu ughaibuni na kwa wanaoishi chini ya Kilimanjaro

Ulinganisho huu si wa pwani peke yake. Wenye watoto wanaosoma Marekani au Kanada huulizwa kila mwaka wanunue koti la uzito gani, na jibu linafanana ajabu na la mwenye shamba la chumvi. Wakati wa El Niño, mkondo wa upepo wa juu unaobeba dhoruba za Pasifiki husogea kusini, kwa hiyo majimbo ya kusini ya Marekani huwa na baridi na unyevu zaidi, wakati kaskazini na sehemu kubwa ya Kanada hupata majira ya baridi yenye nafuu na theluji pungufu. La Niña hugeuza hali hiyo: katika msimu wa 1998 hadi 1999, La Niña ikiwapo, kituo cha kuteleza thelujini cha Mount Baker katika jimbo la Washington kilirekodi theluji ya takriban meta 29, rekodi ya dunia ya msimu mmoja.

Lakini huko nako namba moja haitoshi. Februari 2010 jiji la Washington, lililo upande wa mashariki, lilizikwa na dhoruba za theluji wakati El Niño ilikuwapo, ilhali Desemba 2015, El Niño ikiwa kubwa zaidi, mashariki ya Marekani ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Tofauti ilitoka Atlantiki ya kaskazini, ambako kanieneo ya hewa ya Iceland na ile ya visiwa vya Azores hupanda na kushuka kwa kupokezana. Katika majira yale ya 2009 hadi 2010 pembea hiyo iliegemea upande unaoachilia baridi ya Aktiki ishuke kusini, nayo dhoruba zenye unyevu zikaikuta baridi inazingoja. Bahari ya mbali ilileta maji, ya jirani ikaamua yadondoke kwa sura gani.

Na Kilimanjaro? Theluji yake ni mali ya Bahari ya Hindi. Unyevu unaoanguka kileleni huja na mvua za vuli na masika, na watafiti wa barafu za huko wanahusisha vuli nzito na miaka ya dipoli chanya. Barafu iliyokuwa na ukubwa wa karibu kilometa 12 za mraba mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilometa 2 za mraba kufikia 2011, na upungufu wa theluji tangu mwishoni mwa karne ya 19 umechangia sana. Nataja hili kwa sababu Mto Pangani, unaoendesha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya megawati 68 ya Pangani Falls, huanzia Kilimanjaro na Meru, na mara nyingi husikia watu wakidai kwamba barafu ikiisha mto utakauka. Maji ya mto huo kwa sehemu kubwa sana ni mvua inayonaswa na msitu wa mlimani, si barafu. Mwenye wasiwasi na Pangani na aulize habari za vuli na za msitu.

Masika

Kwa mvua za Machi hadi Mei, ambazo hapa Tanga ndizo kubwa, weka zote mbili pembeni. Uhusiano wake na El Niño ni dhaifu, na dipoli wakati huo huwa imelala. Kinachosaidia zaidi ni wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60, lililogunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi ya magharibi mvua huongezeka, likienda Pasifiki hupungua. Hilo ni jambo la wiki mbili tatu mbele, halimfai mtu anayepanga msimu.

Kwa kazi ipi, uchague ipi

Mvuna chumvi ndiye ningemwambia aifuate dipoli bila kusita. Swali lake ni moja, la jua la Septemba na Oktoba, na gharama ya kukosea iko pande zote mbili: akivuna mapema bila sababu anapoteza uzito, akichelewa anapoteza chumvi yote. Asome El Niño Julai ili ajue kama kuna jambo, lakini uamuzi wa kuita vibarua aufanye kwa hali ya Bahari ya Hindi ya wiki ya mwisho ya Agosti na ya katikati ya Septemba.

Mkulima wa Muheza au Handeni anayepanda mahindi na kunde za vuli anahitaji zote mbili, kwa mpangilio. Taarifa ya Pasifiki ya Juni na Julai inamtosha kuamua atenge eneo kiasi gani kwa vuli na anunue mbegu ya muda mfupi au la. Baada ya hapo dipoli imwambie kama achimbe mifereji ya kutoa maji au matuta ya kuyazuia. Dipoli hasi ikikutana na La Niña, binafsi ningepanda mtama na muhogo zaidi, mahindi nikayaacha yasubiri masika.

Mwenye kujenga hana haja ya hesabu ndefu. Akiona moja ya mizunguko hii inaelekea upande wa mvua, paa liwe limekwisha kupigwa kabla ya Oktoba.

Wakulima wa mwani, ambao wengi wao katika vijiji vya pwani ni akina mama, wako katika hali ya pekee, na hapa ndipo El Niño inapochukua nafasi ya kwanza. Mvua kubwa ya vuli huyapunguza maji chumvi katika vina vifupi na kuudhuru mwani, hiyo ni kazi ya dipoli. Lakini adui mkubwa zaidi ni joto, na joto la Bahari ya Hindi yote hupanda katika miezi inayofuata kilele cha El Niño, yaani Januari hadi Mei, wakati kusi haijaanza kuyapoza maji. Katika miezi hiyo ya mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipauka na kufa kwa wingi, pwani yetu ikiwamo. Kwa hiyo mama anayefunga mwani kwenye kamba, akisikia Oktoba kwamba El Niño ni kubwa, afikirie kusogeza sehemu ya kamba zake kwenye kina kirefu zaidi kabla ya Februari, hata kama vuli yenyewe imepita kwa upole.

Mvuvi anayetoka Deep Sea au Sahare, hapa Tanga mjini, kwenda Mkondo wa Pemba asitegemee mojawapo kwa safari ya kesho. Mizunguko hii huzungumzia miezi. Upepo wa alasiri na urefu wa mawimbi viko katika utabiri wa kila siku wa Mamlaka, na huo ndio wa kuuangalia.

Mwaka 2023, Pasifiki na Bahari ya Hindi zilipoelekea upande mmoja na tangazo la Agosti likasema hivyo hivyo, shemeji hakunipigia simu. Nilipita kwake mwishoni mwa Septemba nikakuta chumvi iko ghalani imepangwa juu ya vichanja vya mbao nusu meta kutoka sakafuni, na yeye na mwanawe wakiwa magotini matopeni, wanaongeza udongo kwenye tuta la upande wa mkondo.